Homa ya mtoto ni mbiu ya mgambo

Saa nane usiku, katika chumba cha kupanga huko Mbagala, mama mmoja aliamshwa na kitanda kilichokuwa kinatikisika. Alidhani mwanawe anaota. Alipowasha tochi ya simu, aliona macho ya mtoto yamegeukia juu, meno yameumana, mikono na miguu inajirusha kwa pamoja. Mwili ulikuwa wa moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Mtoto ana mwaka mmoja na miezi minane.

Mama hakumbuki kama alipiga kelele. Anachokumbuka ni kwamba mama mkwe wake, aliyelala upande wa pili wa pazia, ndiye aliyefika wa kwanza. Bibi alimwangalia mjukuu mara moja tu, akasema neno moja.

"Degedege."

Kwa wazee wengi wa Pwani neno hilo si jina la dalili. Lina dege ndani yake, ndege mkubwa wa usiku anayesemekana kupita juu ya nyumba na kivuli chake kumwangukia mtoto. Mtoto aliyepitiwa na dege, wazee wanasema, hufukizwa kwa kinyesi cha tembo na kuogeshwa maji ya majani. Hapelekwi hospitali kwanza, kwa sababu huko atachomwa sindano, na sindano na degedege haviendani.

"Usimpeleke, mwanangu," bibi alisema. "Wakimchoma tu, amekwenda. Mimi nimezika mtoto."

Mama alimpigia simu mume wake, dereva wa lori, aliyekuwa njiani kwenda Tunduma. Simu iliita muda mrefu kabla ya kupokelewa. "Msikilize mama," baba alisema kwa sauti ya usingizi na hofu. "Yeye amelea saba."

Mtikisiko ulikuwa umekoma. Mtoto alikuwa amelegea begani kwa mama, anapumua kwa kukoroma, haitiki akiitwa. Mama alimfunga kanga, akachukua kadi ya kliniki, akamgongea jirani mwenye bajaji. Hakubishana na mama mkwe wake. Hakumjibu kabisa, na katika miaka minne ya ndoa hilo halikuwahi kutokea.

Bajaji ilipokuwa inageuza, bibi alitoka amejitanda khanga kichwani, akaingia na kukaa pembeni yake. Hakusema kitu njia nzima.

Siku mbili za dawa ya maji

Kituo cha afya kilikuwa na taa moja mapokezi. Tabibu wa zamu, kijana, alimpokea mtoto mikononi huku akiuliza: homa ilianza lini?

Mama alijibu kwamba ilianza Jumatatu jioni. Usiku huo ulikuwa wa kuamkia Jumatano.

Jumatatu alimpa mtoto parasetamo ya maji. Baada ya saa moja jasho lilimtoka, mwili ukapoa, mtoto akaomba uji. Jumanne asubuhi alicheza na vifuniko vya soda mlangoni, na mama akaendelea na cherehani yake, maana alikuwa na nguo za harusi za kumaliza. Jioni homa ilirudi. Alimpa dawa tena, ikashuka tena. "Nikasema ni meno," mama alisema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka kwa mara ya kwanza usiku huo.

Muuguzi alimtoboa mtoto kidole. Tone moja lilikwenda kwenye kipimo cha haraka cha malaria, jingine kwenye kipimo cha sukari, kwa sababu mtoto mwenye malaria kali anaweza kuishiwa sukari, na hilo peke yake linaweza kumletea degedege. Sukari ilikuwa chini kidogo. Kipimo cha malaria kilionyesha mistari miwili.

Malaria iliyoambatana na degedege na kulegea haitibiwi kwa vidonge vya nyumbani. Tabibu aliandika sindano ya artesunate: ya kwanza papo hapo, ya pili baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24.

Bibi alipoona bomba la sindano alitoka nje. Mama alimwona kupitia dirishani, ameketi kwenye benchi la baraza, mgongo ameugeuzia mlango.

Filimbi ndani ya damu

Asubuhi mtoto alifumbua macho na kutaka kunyonya. Tabibu, akiwa karibu kukabidhi zamu, alikuja kumpima joto. Bado alikuwa na nyuzi 38.4.

"Mbona homa haijaisha na dawa ameshapata?" mama aliuliza.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Tabibu alimwamkia, akamvutia kiti, kisha akawauliza wote wawili kama mtaani kwao kuna ulinzi shirikishi. Upo, mama alisema. Vijana wanazunguka usiku na filimbi.

"Mwizi akiingia, filimbi inalia. Nani anaumwa masikio? Ninyi mliolala. Lakini filimbi siyo mwizi."

Ndani ya damu, alisema, kuna filimbi kama hizo. Ni protini ndogo ambazo seli za kinga huzitoa zinapokutana na adui, na wataalamu huziita saitokaini. Kazi yake ni kupeleka habari kutoka seli moja kwenda nyingine. Zenyewe haziui kimelea. Zinaita watu.

Malaria inaeleza jambo hili vizuri. Vimelea huzaliana ndani ya chembechembe nyekundu za damu, kisha huzipasua na kutoka kwenda kuvamia nyingine. Kwa aina ya malaria iliyozoeleka zaidi kwetu, mzunguko huo huchukua takriban saa 48. Kila chembe inapopasuka, mabaki ya kimelea humwagika kwenye damu. Seli za kinga zinayatambua na kupiga filimbi. Filimbi tatu zinazosikika zaidi ni TNF, intaliukini 1 na intaliukini 6.

Mlio huo una kazi zaidi ya moja. Pale penye tatizo, saitokaini huifanya mishipa midogo ya damu ipanuke na kupitisha maji na askari kuelekea nje. Ndiyo maana paja la mtoto aliyechanjwa huvimba, hupata joto na kuuma. Uvimbe ule ni dalili kwamba mwili umeliona jambo jipya na unalishughulikia.

Kwenye ubongo, habari hiyohiyo hufika sehemu inayopanga joto la mwili. Kemikali iitwayo prostaglandini hutengenezwa hapo, na kiwango cha joto hupandishwa, kwa mfano kutoka nyuzi 37 hadi 39. Mwili unajiona una baridi, hivyo unatetemeka ili ufikie kiwango kipya. Ndiyo maana mtoto huwa na viganja vya baridi na meno yanagongana wakati kifua chake kinaunguza. Mama alilikumbuka hilo. Jumanne jioni alimfunika mwanawe blanketi mbili.

Kazi nyingine ni ya kukuza na kuzuia. Saitokaini huziamuru seli za kinga zigawanyike ziwe nyingi. Mitoki inayovimba shingoni au kwenye kinena mtoto anapoumwa ni kambi ambamo askari hao wanaongezeka. Lakini mlio huohuo hupunguza kasi ya utengenezaji wa damu. Intaliukini 6 hulifanya ini litoe homoni ya hepsidini, nayo huyafungia madini ya chuma ghalani, kwa kuwa vijidudu navyo vinayahitaji ili vikue. Mtoto mwenye malaria kwa hiyo hupungukiwa damu kwa njia mbili: kimelea kinapasua zilizopo, na mwili unachelewa kutengeneza nyingine. Tabibu alivifungua viganja vya mtoto na kumwonyesha mama jinsi vilivyopauka.

"Sasa ile dawa ya maji," mama alisema polepole, "ilikuwa inafanya nini?"

Parasetamo huzuia prostaglandini kwenye ubongo. Joto linashuka, mtoto anapata nafuu, anakula, analala. Ni dawa nzuri kwa kazi hiyo. Lakini haigusi kimelea hata kimoja. Usiku ule mtoto alipotokwa na jasho na kuomba uji, vimelea viliendelea kuhesabu saa zao.

Mama aliinamisha kichwa. Tabibu alimwambia kwamba kosa halikuwa kumpa mtoto parasetamo. Kosa lilikuwa kutoenda kupima baada ya kumpa.

Mwizi anapobaki ndani

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Historia ya utafiti wa malaria kwa watoto wa Afrika ina funzo kubwa juu ya mbiu hii.

TNF ilipata jina lake mwaka 1975 huko New York, watafiti walipoona inaua uvimbe wa saratani kwa panya. Baadaye ikagundulika kwamba ndiyo hiyohiyo inayofurika kwenye damu ya watoto wenye malaria. Mwaka 1989 ulichapishwa utafiti wa watoto nchini Malawi uliokuta kwamba waliokuwa na TNF nyingi zaidi ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi. Wazo likaja lenyewe: ikiwa filimbi hii inalia kupita kiasi, kwa nini isinyamazishwe?

Wakajaribu. Huko Gambia, zaidi ya watoto 600 wenye malaria iliyopanda kichwani waliingizwa kwenye utafiti, nusu yao wakapewa kingamwili ya kuzuia TNF pamoja na dawa ya malaria. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996. Vifo havikupungua. Kibaya zaidi, miongoni mwa waliopona, waliopewa kingamwili ile walibaki na madhara ya ubongo kwa wingi zaidi kuliko wenzao.

Walinzi walinyamazishwa, lakini mwizi alikuwa bado ndani.

Kuna wakati filimbi yenyewe ndiyo inayoua, na kisa kinachojulikana sana ni cha Emily Whitehead, mtoto wa Marekani. Mwaka 2012, akiwa na miaka sita, alikuwa na saratani ya damu iliyokataa dawa. Madaktari wa Philadelphia walichukua seli zake za kinga, wakazibadilisha ili ziitambue saratani, wakamrudishia. Seli zikaongezeka kwa kasi na kuanza kazi, na saitokaini zikafurika. Homa ilipanda, shinikizo la damu likashuka, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Vipimo vilionyesha kwamba intaliukini 6 ilikuwa imepanda kupita kiasi. Ilikuwapo dawa ya kuizuia, tocilizumab, iliyotengenezwa kwa ajili ya magonjwa ya viungo. Mmoja wa wanasayansi wa tiba ile, Carl June, aliifahamu kwa sababu binti yake mwenyewe ana ugonjwa wa viungo. Emily alipewa, na ndani ya muda mfupi hali yake ikageuka. Aliamka akitimiza miaka saba, na saratani haikurudi.

Tofauti ya visa hivi viwili si ndogo kwa mzazi. Kwa Emily, madaktari walijua kwa vipimo ni filimbi ipi inalia na kwa nini, ndipo wakaizima. Nyumbani, saa mbili usiku, mzazi mwenye chupa ya dawa ya maji hajui.

Alichouliza bibi

Mchana, baada ya sindano ya pili, mtoto alikuwa anavuta kitambulisho cha muuguzi na kucheka. Homa ilikuwa imeshuka hadi nyuzi 37.6. Bibi alikuwa amekaa miguuni pa kitanda tangu saa nne. Tabibu aliporudi kwa zamu nyingine jioni, bibi ndiye aliyeanza kuzungumza.

Alisema yule aliyemzika alikuwa kaka wa baba wa mtoto huyu. Ilikuwa Rufiji, miaka ya 1980. Alishikwa na degedege vilevile. Walimpeleka hospitali ya misheni, akachomwa sindano, na kabla jua halijazama akafariki mikononi mwake.

"Nimeona kwa macho yangu," bibi alisema. "Hakuna aliyenisimulia."

Tabibu hakukataa. Aliuliza tu: "Bibi, kabla ya kumpeleka, alikuwa amekaa nyumbani siku ngapi?"

Bibi alikaa kimya. Muuguzi aliingia, akabadilisha shuka la kitanda cha jirani, akatoka.

"Nne," bibi alisema. "Tulimfukiza kwanza."

Tabibu alivuta kiti karibu. Alimwambia kwamba sindano haikumuua mwanawe, ilimkuta ameshachelewa. Alimwambia pia kwamba wakati ule barabara zilikuwa mbali, kipimo cha haraka hakikuwapo, na dawa zenyewe hazikuwa hizi. Kwinini ndiyo iliyotegemewa. Ni mwaka 2010 tu ambapo utafiti wa watoto zaidi ya 5,400 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kwamba artesunate hupunguza vifo vya malaria kali kwa zaidi ya moja ya tano ikilinganishwa na kwinini.

"Kwa hiyo mlifanya mlichokijua," alisema.

Bibi alifuta macho kwa ncha ya khanga. Kisha akauliza swali ambalo mkwewe hakulitarajia: "Na huyu, angekaa siku nne?"

Tabibu alimtazama mtoto, akatikisa kichwa.

Mbiu ikilia nyumbani kwako

Si kila degedege ni malaria. Katika nchi za Magharibi, ambako malaria haipo, watoto 2 hadi 5 kati ya kila 100 hupata degedege la homa wakati fulani kati ya miezi 6 na miaka 5. Mara nyingi hukoma lenyewe ndani ya dakika chache na halimwachii mtoto madhara. Lakini degedege la malaria na la homa ya uti wa mgongo huonekana vilevile kwa macho, na hakuna mama wala bibi anayeweza kuyatofautisha gizani. Kipimo ndicho kinachotofautisha.

Mtoto anapotikisika, mlaze ubavu, mahali ambapo hataanguka. Usimtie kijiko, kidole, maji wala dawa mdomoni. Usimkandamize mikono. Tazama saa ujue imechukua muda gani, na likikoma, ondoka naye kwenda kituo cha afya hata kama anaonekana amelala vizuri. Likizidi dakika tano, usisubiri likome.

Homa bila degedege nayo ina haraka yake. Mtoto aliye chini ya miezi miwili mwenye homa ni wa kupelekwa siku hiyohiyo, bila kusubiri asubuhi. Vivyo hivyo mtoto wa umri wowote asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyelegea au asiyeamka, anayehema kwa shida, au mwenye shingo iliyokakamaa. Kwa wengine, ukiishi kwenye malaria, kapime ndani ya saa 24 tangu homa ianze. Usimpe dawa mseto iliyobaki kwenye kabati wala antibaiotiki ya mtoto wa jirani.

Parasetamo mpe akiwa na maumivu au amechoka kwa homa, kwa uzito wake: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara nne kwa siku. Usimpe aspirini. Mpunguzie nguo, mpe maji au maziwa mara kwa mara. Maji ya baridi kali hayafai, kwa sababu yanamtetemesha, na kutetemeka kunaongeza joto.

Baada ya chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, homa ndogo ya siku moja au mbili ni ya kawaida. Ni mlio wa mazoezi. Ikipita hapo, au mtoto akilegea, rudi kituoni.

Mtoto wa Mbagala aliruhusiwa siku ya tatu akiwa na dawa mseto ya kumalizia na tarehe ya kurudi kupimwa wingi wa damu. Nguo za harusi zilichelewa siku mbili, na mwenye nguo hakugomba alipoambiwa sababu. Baba alirudi kutoka Tunduma na kilo kumi za mchele, akamkuta mwanawe anakimbiza kuku uani.

Bibi hajawahi kusema kwamba alikosea, na mkwewe hajamwomba aseme. Bado analiita degedege. Bado ana majani yake yaliyofungwa kwenye kitambaa juu ya kabati. Lakini wiki iliyopita jirani wa chumba cha tatu alipokuja kuomba parasetamo ya mwanawe, bibi alimpa chupa, akamshika mkono kabla hajaondoka, na kumuuliza homa imeanza saa ngapi, na kama ameshampima.